Mtunze jike kabla ya kuyawazia mayai

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwa majonzi kwamba kinyonga wake jike wa Yemeni amekufa akiwa na mayai tumboni, kisha akaniuliza anunue kiangulio cha aina gani kwa ajili ya jike atakayefuata. Swali hilo limeniuma, kwa sababu wengi wetu tunaotamani kuzalisha vinyonga huanza kuhesabu watoto kabla ya kumtazama mama anayewabeba.

Jike wangu ametaga tena salama, na ninalisema hilo kwa fahari, kwani aliyeniuzia alisisitiza kwamba majike hawadumu. Hudumu wakitunzwa. Kinyonga wa Yemeni hutaga hata asipopandwa, na kadiri anavyoshibishwa na kuwekwa kwenye joto kali ndivyo anavyotunga mayai mengi zaidi, pengine kupita 60, huku mifupa yake ikipungukiwa madini. Ndiyo maana wangu, tangu alipokomaa, hupewa nyenje wachache kwa kuruka siku, wakiwa wamepakwa unga wa kalisi (kalsiamu), na taa ya miale ya urujuanimno (UV) haikosekani kizimbani.

Akishapandwa, mwili wake huwa mweusi wenye madoa ya manjano na buluu, na dume akisogea humwachamia na kuyumbayumba kwa hasira. Mwondoe dume hapohapo. Baada ya wiki tatu au nne jike hususia chakula, hushuka chini na kuanza kukwaruza huku na huko. Hapo anahitaji ndoo yenye mchanga wenye unyevu usioporomoka, wa kina cha sentimita 30 hivi. Wangu huchimba kwa miguu ya mbele mpaka asionekane, hugeuka ndani ya shimo, hutaga, kisha hufukia na kushindilia kwa subira ya ajabu. Akijua anatazamwa huliacha shimo na kuyazuia mayai, kwa hiyo funika kizimba kwa shuka na uzuie hamu yako ya kuchungulia.

Mayai yenyewe hayana makuu: yahamishe bila kuyageuza, yaweke kwenye joto la nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, usubiri miezi sita hadi tisa. Lakini jike akichimba siku kadhaa bila kutaga, macho yakadidimia na akashindwa kushika tawi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.