Tairi kubwa kwenye Prado 120: pima kwanza, nunua baadaye

Prado 120, ile iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, nyingi zenye ringi za inchi 17 zilikuja na tairi za 265/65R17: 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni inchi za ringi. Kipenyo chake ni milimita 776 hivi. Saizi mbili ndizo wenye gari hili hukimbilia: 265/70R17 yenye milimita 803, na 285/70R17 yenye milimita 831. Kumbuka kwamba gari huinuka kwa nusu tu ya tofauti hiyo. Kwa hiyo saizi ya kwanza inakupa milimita 13 chini ya difu, ya pili 27. Sespensheni ya kuinua haiinui difu la nyuma hata kidogo. Tairi peke yake ndiyo inayoliinua, na ndiyo maana watu wako tayari kulipia.

Ushauri wetu ni kwamba kwa gari la familia linalokwenda shamba, mbugani na kijijini, 265/70R17 inatosha. Inaingia kwenye ringi za kiwandani bila kukata chochote. Tena kwa kuwa spidomita za Toyota kwa kawaida husoma juu kidogo ya mwendo halisi, saizi hii huifanya isome karibu na ukweli.

285 ni kazi nyingine kabisa. Upana unaongezeka milimita 20, yaani 10 kila upande, na nusu kipenyo milimita 27. Mahali pa kwanza pa kugusa ni nyuma ya gurudumu la mbele, kwenye kile kikono cha chesisi kinachoshika bodi. Halafu raba za tope na plastiki ya ndani ya madigadi. Kabla ya kutoa pesa, kata usukani mpaka mwisho, kushoto kisha kulia, upime nafasi kati ya tairi ya sasa na kikono hicho. Ikiwa haifiki milimita 40, jua utagusa.

Wengi huambiwa na fundi kwamba wakiinua gari inchi mbili tatizo litaisha. Haliishi. Gari likiwa limesimama utaona nafasi kubwa, lakini gurudumu likiingia kwenye korongo springi hujikunja na tairi hupanda palepale ilipokuwa ikipanda zamani. Dawa ya kikono ni mbili. Ya kwanza ni kwenye alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu: mwambie fundi arekebishe bolti za mikono ya chini ya mbele ili gurudumu lisogee mbele kidogo. Mara nyingi hiyo hupunguza mguso sana. Ya pili ni kukata pembe ya kikono na kuchomelea bamba jipya, kazi ya mchomeleaji anayejua chesisi. Akiacha pale wazi bila bamba na rangi, maji na tope vitapaozesha.

Usitafute nafasi kwa spesa, yaani vipande vinavyowekwa kati ya ringi na kitovu, wala kwa ringi zilizochomoza nje. Ringi ya kiwandani ina ofseti ya +30, yaani uso unaofungwa kwenye kitovu uko milimita 30 nje ya katikati ya upana wa ringi. Ukiweka ya 0, gurudumu linatoka nje milimita 30, na usukani ukikatwa huzunguka kwa duara kubwa zaidi, kwa hiyo linagusa madigadi na kikono zaidi ya mwanzo. Beringi nazo hubeba mzigo ambao hazikupangiwa.

Kupima kugusa si kuzunguka uwanja wa gereji. Paka chaki pembeni mwa meno ya tairi, pandisha gurudumu moja la mbele juu ya jiwe au tuta mpaka springi ikunjwe, kata usukani pande zote, kisha rudi nyuma taratibu. Mahali kwenye bodi au chesisi patakapobaki alama ya chaki ndipo panapogusa. Rudia upande wa pili.

Nati zinaua watu, kwa hiyo hapa tusiharakishe. Ringi za alumini za Toyota hutumia nati zenye shingo na washa bapa. Ringi nyingi za chuma hutaka nati zenye mdomo wa koni. Ukichanganya, nati itaonekana imekaza kumbe imeshika ukingo tu. Kaza kwa kuvuka, yaani nati moja kisha ile inayoikabili upande wa pili, si kwa kuzunguka, nguvu ya 112 Nm kwa ringi za alumini za kiwandani, halafu kaza upya baada ya kilomita 50 hadi 100.

Prado inazungusha magurudumu manne muda wote, hivyo tairi zote ziwe saizi moja na uchakavu unaokaribiana. Tairi ya akiba pia. Ukilazimika kutumia akiba ndogo, usifunge (usiweke loki) difu la katikati, lile linalogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwenye lami. Na kwa kuwa akiba inaning'inia kwenye mlango wa nyuma, tairi nzito ya 285 huchosha bawaba. Mlango ukianza kushuka unapoufungua, shughulikia mapema.

Ukifunga 285, dashibodi ikisoma 100 unaweza kuwa unakwenda hadi 107. Ikisoma 50 mjini unaweza kukaribia 54, na tochi ya trafiki haijui saizi ya tairi zako. Umbali nao unasomwa pungufu: kama hubadilisha oili kila kilomita 5,000, sasa badilisha ikisoma 4,670 hivi. Gari litakuwa zito kuondoka na breki zitahitaji umbali zaidi, kwani kila gurudumu linaweza kuongezeka uzito wa kilo 7 na uzito wenyewe uko mbali na kitovu.

Upepo: lami anza na psi 34 hivi, barabara ya vumbi 26 hadi 28, mchanga 16 hadi 18 kwa mwendo wa chini. Tairi zenye herufi LT (za magari ya mizigo midogo) zinahitaji upepo zaidi kubeba uzito uleule, kwa hiyo usizijaze kwa namba iliyobandikwa mlangoni. Beba pampu yako mwenyewe, kwa sababu ukishapunguza upepo mchangani, kurudi lami na psi 16 huchemsha ubavu wa tairi mpaka upasuke.