Biskuti za mwani kwa mtu wa sukari, zinasaidia?

Swali: Niko Likoni, naoka biskuti nachanganya na unga wa mwani wa Kibuyuni. Mteja kanambia mtu wa sukari anaweza kula anavotaka, sukari haipandi. Mamangu anatumia metformini, dawa ya sukari, nimpe?

Jibu: Itapanda dadangu, huyo mteja kakudanganya. Kinachoweza kubadilika ni kasi yake. Mwani wa huko Kwale una nyuzi zinaitwa karaginani, zikipata maji zinafanya utelezi mzito kama jeli, hivo chakula kinatoka tumboni polepole na wanga unamegwa polepole, sukari inaingia kwa damu kidogokidogo. Zile habari eti mwani unazuia vimeng'enya vya mwilini vinavyomega wanga mara nyingi ni za mwani wa kahawia, ambao si huu wenu, ni aina nyingine kabisa.

Sasa shika kikokotoo. Ukitia gramu 50 kwa kilo ya unga, biskuti yenye gramu 20 za unga inapata gramu 1 tu ya mwani, na wanga wa ngano bado uko kama gramu 15 hapo sijahesabu sukari uliyotia, kwa hivo hiyo gramu 1 usiitegemee sana. Ukizidisha mwani nayo inanuka pwani maji yakitoka, nani atanunua? Mimi ningeanza kwa kupunguza sukari na kubadilisha nusu ya unga mweupe kwa ata (unga wa ngano usiokobolewa), hapo utaona tofauti kuliko mwani peke yake.

Mama akiwa na mashine ya kupima sukari mpimeni kabla ya kula, halafu saa 1 na saa 2 toka alipoanza kula, biskuti mbili na chai ya rangi isiyo na sukari. Siku nyingine hivohivo na biskuti zisizo na mwani. Watu wazima wengi wa kisukari wanaambiwa wasipite 10 (kwa mashine inayosoma mmol/L) baada ya kula, ila yeye afuate kiwango cha daktari wake. Na rudieni, manake mashine za nyumbani hukosea hata asilimia 15, kwa hivo 8.9 na 9.4 ni mamoja tu.

Metformini asiache hata kidogo. Na kama ana ugonjwa wa tezi ya shingo muulizeni daktari kwanza, mwani una madini ya joto (iodini), saa zingine mengi.