Shangazi wa Diski: "Muuzaji kaniambia nichague sifuri"

Hapa Mwanjelwa mvua haijakata tangu asubuhi, umeme umeshakwenda na kurudi mara mbili, nami naandika huku UPS, lile betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, ikinipigia kelele chini ya meza. Barua za safari hii karibu zote ni za RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Naanza na ya Iringa, kwa sababu mwenyewe bado hajaharibu kitu. Wengi huja kwangu wakishaharibu.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mpiga picha wa harusi na kipaimara, niko Kihesa, Iringa. Picha zangu za miaka sita zimetawanyika kwenye diski tano za nje, zile za kuchomeka kwa waya. Mwezi uliopita moja ilianguka kutoka mezani, sasa inalia ke-ke-ke na kompyuta haiioni. Maharusi wawili wananidai albamu. Nimenunua kisanduku chenye nafasi nne pamoja na diski nne, kila moja TB 4. Aliyeniuzia anasema nichague RAID 0, nitapata TB 16 zote na spidi ya ajabu. Kwenye menyu naona 0, 1, 5, 6 na 10. Hizi namba ni za nini, na nimsikilize?

JIBU: Marahaba mwanangu, na kamwene. Kwanza hiyo inayolia ke-ke-ke izime, na usiiwashe tena hata kwa "kujaribu mara ya mwisho". Ndani yake kuna kichwa kinachoelea juu ya sahani inayozunguka, hakiigusi. Kikishaumia, kila ukiwasha kinakwangua kilichosalia. Usiigonge, usiiweke kwenye friji, na yeyote anayejitolea kuifungua mezani kwake mwambie asante. Kazi hiyo hufanyiwa katika chumba kisicho na vumbi na bei yake inauma. Kama albamu mbili zinastahili gharama hiyo utaamua wewe, ila amua diski ikiwa imezimwa.

Sasa hiyo sifuri. RAID 0 huchukua kila faili, ikalikata vipande, ikavigawa kwenye diski kama mtu anayegawa karata: kipande huku, kipande kule, mpaka liishe. Spidi ni ya kweli, kwa kuwa diski nne zinasoma kwa pamoja. Muuzaji hakukudanganya hapo. Asichokuambia ni kwamba diski moja ikifa hupotezi robo ya picha zako. Unapoteza robo ya kila picha. Bwana harusi anabaki na tai bila kichwa, na kompyuta haitakuonyesha hata hiyo tai. Tena ukiwa na diski nne, umejipa nafasi nne za kufiwa badala ya moja.

Jina lenyewe, kwa Kiingereza Redundant Array of Inexpensive Disks, lina kisa. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lenye hoja hii: badala ya diski moja kubwa ya bei mbaya kama zile za kompyuta kubwa za IBM, kwa nini tusiunganishe nyingi ndogo za bei nafuu? Tatizo ni kwamba zikiwa nyingi, misiba nayo huwa mingi. Kwa hiyo wakasema lazima kuwe na ziada, yaani taarifa za kukuwezesha kukirudisha kilichopotea. Herufi R ya mwanzo ni hiyo ziada. Wakapanga mitindo mitano, wakaipa namba 1 hadi 5. Sifuri haikuwemo. Iliongezwa baadaye, na kwa jinsi isivyo na ziada yoyote, namba hiyo inaifaa sana. Herufi I ilimaanisha "bei nafuu"; siku hizi wengi husoma "zinazojitegemea", na ukiulizia bei ya diski za seva utaelewa kwa nini.

RAID 1 ni kioo: kinachoandikwa kwenye diski hii kinaandikwa vilevile kwenye ile. Nitairudia kwenye barua ya pili.

RAID 5 ndiyo watu huiona kama uchawi, na kumbe ni hesabu ya sokoni. Chukua magunia matatu ya viazi pale Uyole. La kwanza kilo 104, la pili 98, la tatu 110 (lumbesa hiyo, tusidanganyane). Jumla unaandika kwenye karatasi: 312. Usiku mwizi anabeba la pili. Asubuhi unatoa 104 na 110 kwenye 312, unapata 98, na uzito wa gunia ambalo halipo unaujua. Karatasi ile ndiyo pariti. Tofauti ni kwamba kompyuta haijumlishi kilo, inaangalia shufwa na witiri. Diski tatu zikiwa na 1, 0 na 1, zile moja ziko mbili, ni shufwa, basi pariti inaandika 0. Zikiwa 1, 1 na 1, ni witiri, pariti inaandika 1 ili hesabu irudi kuwa shufwa. Ficha tarakimu yoyote hapo kwa kidole, uone kama hutaijua. Na karatasi haikai kwenye diski moja tu. Huzungushwa, kila diski inabeba sehemu yake. Kwa diski zako nne unapata TB 12 za kutumia, na moja inaweza kufa bila wewe kupoteza kitu.

RAID 6 ina karatasi mbili za hesabu tofauti, kwa hiyo mbili zozote zikifa bado uko hai. Kwako itakupa TB 8. RAID 10 ni vioo viwili vilivyogawiana karata: TB 8 vilevile, nyepesi zaidi kuandika, lakini wakifa wawili wa kioo kimoja, kwaheri.

Ningekuwa wewe ningechukua 6. Picha za harusi huandikwa mara moja kisha zinakaa, kwa hiyo spidi ya kuandika si shida yako. Kompyuta ya Windows itakuonyesha TB 7.27 badala ya 8. Hukuibiwa: kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024.

Kabla hujabonyeza kitu, kumbuka kuunda RAID hufuta diski zote nne. Na hizo diski zitazame karatasi zake kama zimeandikwa SMR au CMR, ambayo ni ya kawaida. SMR huandika njia za data zikilaliana kama vigae vya paa. Ukitaka kubadilisha kigae cha chini, lazima uinue vya juu yake. Kwenye RAID, siku ya kujenga upya, diski kama hiyo hukuchosha mpaka kisanduku kinadhani imekufa. Kama ni SMR, mrudishie huyo wa sifuri.

Zile nne za nje zilizobaki usiziuze. Ndizo bekapu. Nakili, kisha zikakae nyumba nyingine, hata kwa mama yako Ipogolo.

SWALI: Habari za kazi Shangazi. Ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, Makambako. Kompyuta yetu ina diski mbili kwenye RAID 1. Ijumaa nilifuta kwa bahati mbaya daftari la marejesho la robo mwaka. Sikuogopa, nikachomoa diski ya kwanza nikawasha kwa ya pili nikitegemea kulikuta humo. Halimo. Kioo hakifanyi kazi?

JIBU: Kinafanya kazi vizuri mno. Ukisimama mbele ya kioo ukanyoa nyusi kwa makosa, yule wa kwenye kioo naye hana nyusi. Ulipofuta, kompyuta ilifuta pande zote mbili kwa wakati mmoja, kama ilivyoagizwa. RAID inakulinda diski inapokufa. Haikulindi na kidole chako, wala na virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa, wala na mwizi anayebeba kompyuta nzima.

Diski uliyoichomoa usiirudishe. Kama hujaiwasha tangu hapo, faili linaweza kuwa bado limo, limeondolewa jina tu. Mpelekee fundi mwenye programu ya kurejesha, na aisome bila kuandika chochote juu yake. Kama ni ile diski isiyo na sahani (SSD), matumaini ni madogo, kwa sababu nyingi hujisafisha zenyewe sehemu zilizofutwa, kimyakimya. Na kuanzia wiki hii nunua diski ndogo ya nje, nakili kila jioni, weka kwenye sefu pamoja na pesa. Mwenyekiti akiguna, mwambie daftari la wadaiwa nalo ni pesa.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee mstaafu, natunza rekodi za kwaya na mahubiri ya usharika wetu, Tukuyu. Kijana mmoja alitujengea kompyuta ya Linux yenye diski nne za TB 4, RAID 5, kisha akahamia Dodoma. Juzi radi ilipiga, umeme ukakata, uliporudi kukatokea maandishi [4/3] [UU_U]. Nyimbo bado zinafunguka. Nimenunua diski mpya. Nichomoe ya tatu? Itachukua muda gani, na kwaya iendelee kurekodi?

JIBU: Shikamoo baba. Usichomoe kitu. Nasema hivyo kwa aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye ofisi moja hapa mjini, mashine kama yako, maandishi kama hayohayo. Nikahesabu kutoka kushoto: moja, mbili, tatu. Nikavuta ya tatu kwa mbwembwe, bosi amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Ilikuwa nzima. RAID 5 iliyokwisha kupoteza moja nikaipokonya ya pili, na skrini ikajaa makosa. Ile mbovu ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye sanduku, karibu na feni. Niliirudisha nzima mahali pake, nikalazimisha safu, yaani diski zote kwa pamoja, ikusanyike upya, na ikakubali. Chai ya bosi ilipoa bila kunywewa. Nilijifunza kuwa mpangilio wa mabano yale haufuati mpangilio wa nafasi ndani ya sanduku. Kila U ni diski iliyo kazini, kistari ni iliyotoka, basi. Hayakuonyeshi imekaa wapi.

Kila diski ina stika yenye namba ndefu. Mpate kijana yeyote anayejua Linux, aandike smartctl -i kwa kila diski inayoonekana, anakili namba zinazojitokeza. Kisha mzime mashine kabisa, mfungue, msome stika moja moja kwa tochi. Ambayo namba yake haimo kwenye orodha, au ndiyo mashine inayoilalamikia, ndiyo marehemu. Mkiwa hapo bandikeni plasta kwenye kila diski na tarakimu nne za mwisho. Mimi natumia plasta ya vidonda, haitoki kwa joto.

Lakini kabla ya kuifungua, nakilini nyimbo zote kwenye diski ya nje. Kujenga upya kunalazimisha diski tatu zilizobaki zisomwe mwanzo hadi mwisho, hata pembe ambazo hazijaguswa tangu zinunuliwe. Diski nyingi za kawaida huandikwa na watengenezaji kuwa sehemu moja isiyosomeka inaweza kutokea katika kila biti trilioni 100, yaani kama TB 12.5 hivi. Ninyi mtasoma TB 12 kwa mkupuo, na ziada yenu imeshatumika. Mara nyingi inapita salama. Tatizo ni siku isipopita.

Muda: TB 4 kwa spidi ya MB 150 kwa sekunde ni karibu saa saba na nusu, na hiyo ni mashine ikiwa haina kazi nyingine. Kwaya ikirekodi juu yake itafika kesho yake. Waambieni wapumzike siku moja, wafanye mazoezi ya sauti.

Kuhusu radi: umeme ukikatika katikati ya kuandika, data inaweza kuwa imeshabadilika huku pariti ikiwa bado ya zamani, kama mtu aliyebadilisha gunia asiguse karatasi. Hutaona kosa mpaka siku diski inakufa na hesabu inakuletea uzito wa uongo. UPS inakupa dakika za kuzima kwa heshima. Haizuii radi yenyewe. Kwa Tukuyu, wingu likinguruma, zimeni mashine kwa utaratibu, kisha chomoeni waya wa umeme na ule wa mtandao pia, maana radi haichagui mlango. Na kama kijana wenu alitumia Debian, aina mojawapo ya Linux, mashine hujikagua yenyewe Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, usiku. Msiizime Jumamosi ile mkidhani mnabana luku.

SWALI: Shangazi, nina diski moja ya TB 2 na mbili za TB 4, zilitoka kwenye kamera za ulinzi. Nikiweka RAID 5 napata TB ngapi? Vwawa, Mbozi.

JIBU: TB 4. RAID hufuata diski ndogo kuliko zote, kwa hiyo kila moja itahesabiwa kuwa TB 2, na moja inakwenda kwenye pariti. Ila hizo za kamera zilikuwa zikiandika usiku na mchana. Kabla hujazifunga, soma kumbukumbu zake za afya: saa ilizokwisha kufanya kazi, na idadi ya sehemu mbovu zilizohamishwa. Ukikuta saa 43,800, hiyo ni miaka mitano bila kulala. Sehemu zilizohamishwa zikiwa zaidi ya sifuri, na ukiangalia tena baada ya wiki zimeongezeka, hiyo toa sumaku zake ubandike kwenye friji. Zinashika vizuri sana.