Mbwa Mwenye Miwani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Wanangu wanatazama Mr. Peabody & Sherman, katuni ya mbwa anayemlea mtoto wa watu. Mama mkwe kazima televisheni, asema ni najisi. Baba mkwe, aliyekuwa baharia, anashikilia kuwa aliiona ujanani. Kweli?
Mama wa watatu, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee hakosei. Mbwa huyo alianza kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1959, katika vipande vifupi ndani ya kipindi cha Rocky na Bullwinkle. Filamu ni ya 2014, na mwongozaji wake, Rob Minkoff, ni mmoja wa wawili walioongoza The Lion King. Mbwa na mwanawe hupanda mashine ya kurudi zamani: Misri ya mafirauni, Ufaransa ya mapinduzi, hata ndani ya farasi wa mbao wa Troy. Mizaha mingi ni ya kuchezea maneno ya Kiingereza. Mimi huko Misri nilisinzia. Ila mbwa alipotishiwa kunyang'anywa mtoto, nilitafuta leso.

Mama mkwe mwambie huyu yumo kiooni, hawezi kulamba vyungu. Akinuna bado, mpelekee kahawa na visheti, umketishe mbele ya farasi.