Ubishi kwenye meza ya poka: nani aamue, na adhabu iwe ipi?

SWALI: Huwa tunaandaa nyumbani mashindano ya poka ya Texas Hold'em, watu 16, meza mbili. Safari iliyopita blaindi, yaani dau za lazima za wachezaji wawili kabla ya karata kugawiwa, zilikuwa 50 na 100, hakuna aliyekuwa ameongeza dau. Mchezaji akaweka kimya chipu moja ya 500, kisha akadai ameongeza; jirani yake akasema amefuata tu, yaani amelipa dau lililopo. Baadaye kidogo, flopu (karata tatu za kwanza za wote zinazofunuliwa mezani) ikiwa na shupaza tatu, mtu aliyekwisha kutupa karata zake akaropoka kwamba ametupa ree ya shupaza. Tukaishia kupiga kura, na mmoja akaondoka kwa hasira. Tuamueje?

JIBU: Kura ndiyo iliyowaponza. Kila anayepiga kura ana chipu zake mezani, na anajua uamuzi upi unamfaa. Kabla karata hazijachangwa, tajeni mwamuzi mmoja na msaidizi wake. Mwamuzi akiwa ndani ya mgao wenye ubishi (mgao ni mchezo mmoja, tangu karata kugawiwa hadi dau kuchukuliwa), msaidizi ndiye anayeamua. Halafu tenganisheni mambo mawili: kurekebisha mgao ni kazi moja, kumwadhibu mtu ni nyingine. Makosa mengi ya mezani yanahitaji hiyo ya kwanza tu.

Chipu ya 500 haina mjadala. Kwa kanuni za TDA, chama cha wasimamizi wa mashindano ya poka kilichoanzishwa mwaka 2001, chipu moja kubwa ikiwekwa bila neno ni kufuata. Anaacha 100, anarudishiwa 400. Angetamka "naongeza" kabla haijagusa meza, lingekuwa dau la 500. Hakuna adhabu hapo.

Chipu zikiwa kadhaa ndipo watu hugombana zaidi. Tuseme baada ya flopu mmoja ameweka 200. Anayetaka kuongeza lazima afikishe angalau 400. Akiweka 300 kimya kwa chipu tatu za 100, nyongeza imefika nusu ya dau, basi analazimika kukamilisha 400. Akiweka 275, haijafika nusu: amefuata, anarudishiwa 75. Lakini ukitoa chipu moja tu, iliyo ndogo kuliko zote alizoweka, na zilizobaki zikapungua 200, huko pia ni kufuata tu. Aliyetangaza kuongeza, au aliyeweka zote alizonazo, hahusiki na hesabu hii.

Anayecheza kabla ya zamu yake, msimamisheni na mrudi kwa mwenye zamu. Huyo akipita (asiweke dau wala kutupa karata), akifuata au akitupa, kitendo cha mwenye haraka kinambana. Akiweka dau au akiongeza, mwenye haraka yuko huru kubadili. Akirudia kwa makusudi, ni adhabu.

Sasa ree ya shupaza. Hilo ni kosa la kweli, maana waliobaki wakigombea chungu, yaani dau zote zilizokusanywa, wamejua kwamba hakuna anayeweza kuwa na shupaza ya juu kabisa. Aliyekuwa anajifanya anayo amekatwa mkono. Mgao haufutwi, unaendelea vilevile. Anayeadhibiwa ni mropokaji: mara ya kwanza onyo, kwa sauti ambayo meza nzima inasikia, mara ya pili mgao mmoja nje, mara ya tatu mzunguko mzima. Mkiwa mmekaribia zawadi, mimi ningeruka onyo.

Mzunguko mzima kwenye meza ya watu 8 ni migao 8. Mhusika anasimama kando, karata anagawiwa kisha zinatupwa, na blaindi zake zinalipwa kutoka kwenye chipu zake. Msitoze faini ya chipu. Chipu 500 kwa mwenye 1,000 ni nusu ya uhai wake mezani; kwa mwenye 20,000 si kitu. Tena kukaa nje kunampa mwenye hasira nafasi ya kupoa.

Ubishi ukizuka, mgawaji aweke kiganja juu ya karata zilizobaki, na mtu yeyote asiguse chungu. Karata ikishachanganyika na zilizotupwa, ushahidi umekwenda. Mwamuzi amwulize kwanza mgawaji, kisha asiyehusika na mgao, wahusika mwisho. Madai ya nani alistahili chungu yanafungwa karata za mgao unaofuata zikianza kuchangwa.

Kubwa kuliko yote ni makubaliano ya siri, na nyumbani yana sura ya udugu: mke na mume, au mtu na shemeji yake, wanaoepuka kutoana. Hapo anzeni na mzunguko mzima, na mkiwa na hakika, wafukuzeni. Anayefukuzwa, chipu zake zinatolewa mezani bila kugawiwa mtu, na kiingilio hakirudi. Hilo watangazieni wakati wa kulipa.