Fundi, saiti yangu ya krosheti imegoma kufunguka

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi nafuma krosheti, si biashara ni hobi tu, na kuna saiti moja ina pateni za shali zimeelezwa mstari kwa mstari, naipenda hiyo saiti kupita maelezo. Sasa tangu juzi usiku haifunguki. Nimezima simu nimewasha, nimefuta brauza nikaiweka upya, nimewasha VPN, wapi! Mwanzo ilikuwa inaandika 503, leo inasema eti anwani haipatikani. Shali yenyewe nimefika mstari wa 40 nimekwama hapo. Kuna shoga yangu kanitumia linki ya saiti inayofanana nayo kabisa ila inataka nijisajili na ile imeili na pasiwedi yangu ya zamani. Nijisajili tu?

JIBU: Marahaba. Usijisajili! Saiti ikizima ndo wajanja wanatengeneza inayofanana nayo, jina wamebadilisha herufi moja tu, wanasubiri watu wenye hamu kama wewe waje wenyewe na pasiwedi mkononi. Na kama pasiwedi hiyohiyo ndo unayotumia kwenye imeili yako basi umewapa na nyumba nzima.

Haya turudi kwenye saiti. Ile 503 ya juzi ilikuwa inakwambia kila kitu, maana namba zote zinazoanza na 5 (500, 502, 503, 504) maana yake seva ya kule (kompyuta inayoihifadhi hiyo saiti) ndo ina shida, imezidiwa au wanaifanyia matengenezo, kwa hiyo hata ungefuta simu nzima isingefunguka. Namba za 4 ni hadithi nyingine, 404 saiti ipo ila ukurasa uliouomba haupo, 403 umekatazwa mlangoni, na hiyo mara nyingi inaletwa na hizohizo VPN (zinazokupitisha njia ya seva nyingine), kwa hiyo hebu izime kwanza.

Sasa hii ya leo ya anwani kutopatikana ndo inanipa mawazo. Simu yako haijui saiti kwa jina, lazima iulize DNS (ndo kitabu cha anwani cha mtandao) nyumba ya fulani iko wapi ndo iende. Ikijibiwa hapajulikani, ama huyo aliyeulizwa ana matatizo, ama jina lenyewe limeondolewa. Kujua ni lipi, toka kwenye waifai ujaribu kwa bando. Ikigoma kote, badilisha DNS: kwenye Android kuanzia toleo la 9 kuna sehemu ya DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao, andika dns.google (DNS ya Google), usiandike namba yake 8.8.8.8 kwa sababu pale wanataka jina, namba haikubali. Ikigoma na hapo, ingia lookup.icann.org uandike jina la saiti, utaona tarehe ya usajili kuisha. Kama imepita juzijuzi, mwenyewe kasahau kulipia tu, na kwa majina ya .com usikate tamaa mapema, hata likishafutwa bado ana siku 30 za kulikomboa kabla halijaachiwa mtu mwingine. Ila ikirudi ghafla imejaa matangazo ya kamari ujue kashanunua mwingine, usiingize pasiwedi.

Na shali? Nenda web.archive.org, hawa Internet Archive wanahifadhi kurasa za mtandao tangu 1996. Bandika anwani kamili ya ukurasa wa pateni, chagua tarehe, soma. Picha zingine zitakosekana, na kurasa za kuingia kwa pasiwedi kwa kawaida hazimo. Anwani kamili ungeitoa kwenye historia ya brauza, ila wewe umeshaifuta brauza (hapo uliniudhi kidogo), labda kama ulikuwa umeingia na akaunti yako itarudi. La sivyo tafuta kwenye chati zako, najua ulishawahi kumtumia mtu hiyo linki. Siku nyingine ukurasa ukiwa bado uko wazi kwenye skrini na saiti imezima, usiuonyeshe upya wala usiufunge, piga skrinishoti juu mpaka chini kwanza.

SWALI: Fundi mambo. Saiti ya chesi inafunguka kwenye simu ya mdogo wangu, waifai ileile, kwangu inasema muunganisho si salama. Nini hiyo?

JIBU: Poa. Angalia tarehe ya simu yako. Sikutanii, mimi mwenyewe nilimaliza jioni nzima natukana saiti ya watu kumbe simu iliisha chaji kabisa ikarudi na mwaka wa zamani, na cheti cha usalama cha saiti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo simu ikajua cheti bado hakijaanza kazi. Weka tarehe ijirekebishe yenyewe. Kama tarehe iko sawa, jaribu dirisha fiche (incognito) la brauza, ikifunguka humo futa kuki na kache (vitu ambavyo saiti imehifadhi kwenye simu yako) za hiyo saiti peke yake, usifute za brauza nzima utajikuta umetolewa kwenye akaunti zako zote.