Lupita alianza lini? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, Lupita Nyong'o alianza kuigiza lini? Mimi na miaka yangu 26 si nimechelewa?" Nikasingizia maharagwe yanaungua. Hayakuwa yanaungua. Nilitaka kufikiri kwanza.

Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, babake Profesa Anyang' Nyong'o akifundisha huko, na jina la Lupita likatoka huko huko. Hata mwaka hajatimiza, wakarudi Kenya. Akiwa na miaka 14 alicheza Juliet katika Romeo and Juliet, na kikundi cha maigizo cha Phoenix Players, Nairobi. Wengi wakifika hapo husema "kipaji!" na hadithi wanaifunga. Mimi naanzia hapo.

Alisomea filamu na maigizo chuo cha Hampshire, Marekani. Wazungu walipokuja Kenya kupiga The Constant Gardener, naye alikuwepo, lakini si mbele ya kamera. Alikuwa wa kutumwa: leta hiki, kimbiza kile. Ralph Fiennes, nyota wa filamu ile, aliposikia binti anataka kuigiza hakumvika kilemba cha ukoka. Alimwambia aingie ikiwa tu bila kuigiza hawezi kuishi. Maneno makavu hayo, na nayapenda.

Mwaka 2009 akatoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, kuhusu Wakenya wenye ualbino. Mwaka uo huo tukamwona katika Shuga, ile tamthilia ya TV, unakumbuka? Kila wakikaribia kubusiana nakufunika macho na leso. Na mwaka uo huo akarudi kukaa darasani: Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, miaka mitatu ya uigizaji mtupu. Alipoingia alikuwa na miaka 26.

Alimaliza 2012, akacheza Patsey, mtumwa, katika filamu ya 12 Years a Slave, na tuzo ya Oscar akaipokea tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31.

Ila tusidanganyane. Babake alikuwa profesa, kisha waziri. Wako ana duka la nafaka. Karo ya Yale hatuna, na sitauza shamba.

Kwa hiyo barua ya kuacha kazi benki usiiandike bado. Tafuta kikundi kinachofanya mazoezi jioni, hata kama watakupa kazi ya kupanga viti. Siku ya onyesho niambie mapema, nitafunga duka nipande basi la usiku. Babako anasema naye atakuja, mradi asikalishwe mbele.

Mamako